Aliyegusa Macho

Kazi ya jioni ile ilikuwa ndogo: kurudisha makoti kumi na mawili ya kazini yaliyofuliwa, na kuchukua mabuti ya marehemu.

Mjane aliyabeba makoti mkononi, bado yana joto la pasi. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta wa machinjio, na ng'ombe waliobaki zizini walikuwa wamenyamaza. Hilo ndilo lililomfanya apunguze mwendo. Miaka kumi na tisa alikuwa ameishi nyuma ya ukuta ule, na alizoea kuwasikia jioni wakikwaruza pembe kwenye mabomba, wakipiga kwato, wakiitana. Tangu mume wake afariki, jua likizama tu, wananyamaza wote kwa pamoja. Kama watu waliosikia mlango ukifunguliwa.

Mume wake alikuwa na cheo kirefu kwenye karatasi za ofisi, lakini hakuna aliyekitumia. Walimwita Kidole.

Kazi ya pale ilikwenda hivi. Ng'ombe huingizwa kwenye kizimba cha chuma, mmoja mmoja. Mpigaji humwekea bastola kwenye paji la uso. Bastola hiyo haitoi risasi. Hutoa msumari mnene unaosukumwa na kikopo kidogo cha baruti wanachokiita fataki, ukagonga na kurudi ndani. Ukigonga sawasawa, ng'ombe hupotewa na fahamu kabla mlio haujamfikia masikioni. Huanguka, mlango wa pembeni hufunguliwa, naye hubingirika sakafuni. Hapo ndipo zamu ya Kidole ilipoanzia. Alipiga goti, akanyoosha kidole cha shahada, akaligusa jicho la mnyama katikati kabisa, taratibu, kama mtu anayegusa maji kujua kama ni ya moto. Jicho likipepesa, hata kidogo, alisema, "Bado!" na mpigaji alipiga tena. Jicho likitulia kama kioo, alisema, "Tayari!" Neno hilo likishatoka, mnyororo ulishuka, kisu kikafuata, na hakuna aliyetazama nyuma.

"Aliyeanguka anaweza kuwa anasikia kila kitu," alikuwa akimwambia mkewe wakinywa chai. "Mungu ametupa nyama yao. Maumivu yao hajatupa. Ukiwa na shaka, unasema bado. Ukisema bado bure, umepoteza fataki moja. Ukisema tayari bure..."

Hapo alikuwa akisukuma kikombe.

Siku alipokwenda kuposa, aliulizwa anafanya kazi gani. Akajibu kweli tupu: nagusa macho ya ng'ombe. Shangazi wa bibi harusi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mwanangu, utakuwa unaguswa jicho kila asubuhi kabla hujapiga mswaki!" Na ikawa hivyo hivyo. Kila alfajiri, miaka yote ile, Kidole aligusa kope za mkewe kwa ncha ya kidole, akanong'ona, "Bado. Amka, mama." Naye alimpiga kwa mto.

Sasa ilikuwa wiki ya nane hakuna aliyemgusa kope.

Alikufa kazini, asubuhi ya Alhamisi. Ofisi iliandika kwamba marehemu alikosea: alisema "tayari" kwa dume ambaye alikuwa bado na fahamu, dume akanyanyuka, pembe ikampata Kidole kwenye paji la uso. Mpigaji, ambaye wote walimwita Msumari, na ambaye alikula nyumbani kwao mara nyingi kuliko kwake mwenyewe, alikuja jioni ile ile kumpa mjane pole. Alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Alihisi?" mjane aliuliza. Swali hilo tu.

"Hakuhisi kitu, shemeji. Papo hapo."

Mjane alipiga magoti akamshukuru Mungu. Lakini kesho yake, walipomfunulia mwili kwa mara ya mwisho kabla ya kuzika, aliona mkono wa kulia. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umevunjika hadi kwenye nyama. Akauliza. Akaambiwa ng'ombe alimkanyaga.

Ng'ombe gani anakanyaga kidole kimoja, akaacha vinne vizima?

Tangu siku hiyo kila sala yake ilimalizika kwa maneno yale yale. Ee Mungu, niambie. Alihisi?

*

Wa kwanza kuguswa alikuwa mama mkwe wake.

Bibi huyu aliishi nao, chumba kimoja na mjane tangu msiba, kitanda hiki na kile. Asubuhi moja alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Mwanangu alikuja usiku kuniangalia."

"Mama, umeota."

"Nina miaka themanini, najua ndoto. Amenigusa jicho. Kidole cha baridi kama bomba. Kinanuka baruti. Kisha akasema, bado." Bibi akacheka bila meno. "Kumbe hata huko aliko wamempa kazi ile ile."

Mjane alikwenda uani kufua, akalia ndani ya povu. Hakulia kwa woga. Alilia kwa wivu, Mungu amsamehe. Kwa nini aje kwa mama yake, na kwake asije?

Wiki iliyofuata aliguswa mlinzi wa getini, akiwa amesinzia kibandani. Kisha zikaja habari za Msumari: kwamba halali, kwamba anajifunga kitambaa machoni kila usiku, mafundo mawili, na kila asubuhi anakikuta kimekunjwa vizuri juu ya mto. Wengine walisema ni uchawi, kwamba kuna mtu amemchukua Kidole na kumtumikisha. Wengine walileta maji ya kuombewa wakanyunyiza getini.

Kwa mjane, hakuna kilichokuja. Alilala mzito kama gogo na kuamka amechoka, kama aliyefanya kazi ya siku nzima. Kandambili zake zilikuwa na umande asubuhi. Alidhani ni bibi aliyetoka nazo kwenda msalani.

*

"Shemeji!" mlinzi alimwita getini jioni ile. "Ulitakiwa uje mchana. Saa hizi mimi mwenyewe nakaa hapa kwa sababu ya mshahara tu."

"Nilikuwa na pasi. Yupo nani ndani?"

"Msumari, na mchinjaji ambaye hajaondoka. Ameletwa ng'ombe amevunjika mguu garini. Daktari wa mifugo amesema asilazwe hivyo hadi asubuhi, amalizwe leo leo." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Amenirudia juzi, shemeji. Kidole. Nilihisi kabisa. Nikafumba macho kwa nguvu mpaka akaondoka."

"Mbwa wako hawakubweka?"

"Hicho ndicho kinachoninyima raha. Mbwa hawa wanambwekea hata meneja. Juzi walitikisa mikia."

Mjane alipita. Harufu ya mahali pale aliijua hata usingizini: damu iliyooshwa kwa maji ya moto, chuma, samadi, na juu ya vyote, uchungu mwembamba wa baruti. Harufu hiyo haikutoka kwenye makoti hata ufue mara tatu. Haikutoka hata mikononi mwake.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na balbu moja. Aliyatundika makoti, akafungua kabati la marehemu kwa ufunguo aliokuwa ameuning'iniza shingoni wiki zote nane. Mabuti yake ya mpira ya akiba yalikuwa yamesimama wima, visigino pamoja, kama mwenyewe alivyoyaacha. Nyuma yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa mfuko wa nailoni na mpira.

Alilifungua. Ndani, juu ya vipande vya mkaa, zilikuwa zimepangwa fataki. Kavu, zinang'aa. Na karatasi, mwandiko wa mumewe, ule uliolala upande:

*Za kwenye kabati la barafu zina unyevu. Nimesema ofisini mara tatu. Hizi ziwe za akiba, asije akateseka mtu.*

Aliandika *mtu*. Alikuwa na kawaida hiyo, kuwaita ng'ombe watu.

Mjane aliijua habari ya kabati. Kanuni ilisema fataki zikae chini ya kufuli. Na machinjio yote yalikuwa na kabati moja tu lenye kufuli, na kabati hilo lilikuwa ndani ya chumba cha barafu. Basi fataki ziliwekwa humo. Zilitolewa asubuhi zikiwa na baridi, zikatoka jasho kama chupa ya soda, zikapakiwa kwenye bastola. Kanuni ilikuwa imefuatwa.

Ndipo aliposikia mlio.

Haukuwa mlio aliouzoea. Bastola ile husema *pa!*, ukuta mzima ukaitika. Huu ulisema *pu*. Kama mtu aliyepiga mto kwa ngumi.

Kisha kishindo cha mwili kuanguka.

Mjane alitoka, kopo mkononi. Ukumbi ulikuwa na taa mbili kati ya sita. Mlango wa kizimba ulikuwa wazi, na ng'ombe mwekundu, jike, mzee, alikuwa amelala ubavu sakafuni, mguu mmoja umepinda pasipo na kiungo. Msumari alisimama na bastola. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni penye moshi. Mchinjaji alikuwa kando ya mnyororo na kisu chake, anangoja neno.

"Tayari," alisema Msumari.

Mnyororo ukaanza kushuka.

"Umemgusa jicho?" mjane aliuliza.

Wanaume wote wawili waligeuka kama waliomwagiwa maji.

"Shemeji, hapa si mahali pako," Msumari alisema kwa sauti ya chini. "Nenda nyumbani."

"Nimeuliza. Umemgusa jicho?"

"Hatugusi tena. Tangu... Hatugusi."

Mnyororo uliendelea kushuka, *kri, kri, kri*. Mjane aliweka kopo chini, akapiga goti kwenye sakafu yenye maji. Hakuwahi kufanya kazi ile. Lakini alikuwa amefanyiwa kila alfajiri miaka kumi na tisa, na mkono ulijua njia. Alinyoosha kidole cha shahada. Akaligusa jicho katikati.

Lilikuwa na joto.

Likapepesa.

Lilipepesa polepole, likafunguka, likamtazama. Mle ndani ya weusi ule mkubwa mjane alijiona mwenyewe, mdogo, ameinama. Na ubavu wa ng'ombe ulikuwa ukipanda na kushuka kwa mpangilio, kama wa mtu aliyelala macho.

"Bado," mjane alisema.

"*Bado*," ikasema sauti nyingine.

Ilitoka karibu sana. Pembeni ya sikio lake, au kooni mwake, hata leo hajui. Ilikuwa nzito, ya kiume, imechoka. Mchinjaji aliangusha kisu. Kilipiga sakafu, kikazunguka, kikatulia. Hakukiokota. Alitoka mbio kupitia mlango wa zizi, na hadi leo hajarudi kuchukua hata koti lake.

Zizini, ng'ombe wote walipiga kwato mara moja. Mara moja tu. Kisha kimya.

Msumari alikuwa ameegemea kizimba. "Umesikia... Shemeji, na wewe umesikia..."

"Chukua hizi." Mjane alimsukumia kopo. "Ni kavu. Piga. Huyu anatusikia."

"Mikono yangu..."

"Piga, shemeji! Utatetemeka baadaye!"

Alipakia. Akainama, akaweka bastola pale ambapo mistari ya kutoka kila jicho kwenda pembe ya upande wa pili hukutana. *Pa!* Kuta zikaitika. Miguu ikakaza, ikalegea. Mjane aligusa jicho tena. Lilikuwa kioo.

"Tayari," alisema. Msumari mwenyewe aliokota kisu akafanya kilichobaki, kwa jina la Mungu, huku machozi yakimdondoka kidevuni.

Walipomaliza, mjane hakusimama. Alizungumza akiwa bado amepiga goti.

"Siku ile Kidole alisema nini?"

Maji yalidondoka mahali fulani. Moja... Mbili...

"Alisema bado," Msumari alinong'ona.

"Ofisi imeandika alisema tayari."

"Alisema bado. Nikapiga ya pili, haikulia kabisa. Unyevu. Alikuwa ameshapiga goti, dume akanyanyuka. Nilipoulizwa, nikaogopa. Nikasema yeye ndiye aliyekosea. Nina watoto, shemeji."

"Na yeye alipoanguka?"

Msumari alifunika uso kwa mikono yenye damu.

"Hali ya hapa unaijua. Neno lilikuwa la kwake. Watu wanangoja neno, ndipo wafanye kitu. Sasa mwenye neno yuko chini, damu inamtoka sikioni, na wote wamegeuka wananitazama mimi. Mmoja akaniuliza, vipi? Nikasema..." Alishusha mikono. "Nikasema, tayari."

"Ulimgusa jicho?"

Msumari alijifuta uso kwa koti.

"Nakuuliza kwa jina la Mungu. Ulimgusa?"

"Sikumgusa. Niliogopa likipepesa. Niliogopa pia lisipopepesa. Nikalisema tu. Na nilipolisema, watu wakaendelea, kama siku zote. Gari halikuwepo hadi mchana. Wakasema jua kali, wakamfunika koti, wakamweka..."

Alitazama mlango mzito wa chuma wa chumba cha barafu mwishoni mwa ukumbi.

Mjane aliinuka. Alitembea taratibu, mkono wa kushoto ukigusa ukuta. Aliuvuta mlango. Baridi ilitoka ikamlamba miguu. Aliingia, akageuka kuutazama mlango kwa ndani. Kitasa cha dharura, kile cha kufungulia ukifungiwa, kilikuwa kimekatika zamani; palibaki tundu tu. Barafu ilikuwa imeufunika mlango wote, nyeupe, kama unga uliopepetwa.

Isipokuwa mahali pamoja.

Chini kabisa. Usawa wa mtu aliyelala. Doa dogo la mviringo ambapo chuma kilikuwa wazi, cheusi, kikavu. Barafu ilikuwa imelizunguka na haikuligusa.

Mjane alichuchumaa. Akaweka ncha ya kidole chake pale.

Kilitoshea sawasawa.

Baridi ilipanda kwenye kifundo, kwenye kiwiko, ikasimama chini ya kwapa. Alijaribu kuondoa mkono, ukakataa kwa muda ambao ungetosha kusema sala fupi. Kisha ukaachiliwa.

"Saa ngapi?" aliuliza bila kugeuka. "Alikaa humu saa ngapi?"

"Mbili na nusu," Msumari alijibu kutoka mlangoni. Hakuthubutu kuingia. "Shemeji, nisamehe. Kila usiku ananigusa. Kila usiku anasema bado. Namwomba aseme lile lingine, nipumzike. Niombee, aseme lile lingine."

Mjane alimpita. Alitaka kumlaani, na laana ilikuwa mdomoni, imeiva. Alifunga midomo akaimeza, kwa sababu alikuwa mtu wa sala, na kwa sababu mumewe alimpenda mjinga huyu. Alichukua mabuti, akaenda nyumbani.

*

"Leo umechelewa," alisema bibi kitandani. "Mkono una nini?"

"Baridi tu, mama."

Alikuwa ameuweka juu ya jiko tangu arudi. Ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu kwa moto, lakini kidole cha shahada kilikuwa cheupe, na hakikuhisi kitu. Alijaribu kukichoma kwa sindano. Hakikuhisi.

Alisali muda mrefu. Safari hii hakuwa na swali la kuuliza. Alijibiwa. Alihisi. Saa mbili na nusu mumewe alihisi, na alifanya kitu kimoja tu alichojua kufanya, alinyoosha kidole. Mjane alizima taa, akalala macho wazi gizani, akaapa hatafumba. "Njoo kwangu," alinong'ona. "Kwangu tu hujaja. Mimi sitaogopa."

Alingoja. Kisha usingizi ule mzito ukamwangukia kama gunia.

Alipoamka kulikuwa kumepambazuka. Bibi alikuwa ameketi kitandani kwake, amekumbatia magoti, anamtazama. Hakuwa na kicheko.

"Mwanangu," alisema polepole, "jana usiku, alipokuja, nilifumbua macho."

"Ukamwona?"

Bibi alivuta shuka hadi kifuani.

"Nilikuona wewe."

Mjane alicheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akatazama chini. Kandambili zake zilikuwa kando ya kitanda, zimepangwa sambamba, visigino pamoja. Yeye hakuwahi kupanga viatu hivyo maishani mwake. Zilikuwa na umande. Na kwenye soli, tope jekundu.

Alinusa kidole. Baruti. Lakini kilinuka baruti kila siku, na mikono ya mfuaji huwa ya baridi kila siku, na mbwa wa getini wanamjua tangu wakiwa vitoto...

Mlango uligongwa.

"Shemeji! Shemeji, fungua!" Alikuwa mlinzi, anahema. "Ni Msumari. Wamemkuta kitandani, haamki. Kitambaa kimekunjwa juu ya mto. Jirani yake anasema alisikia neno usiku, kupitia ukutani. Anasema safari hii halikuwa bado."

Mjane alishika fremu ya mlango.

"Watu wanataka kumfunika," mlinzi aliendelea. "Nimewaambia, hapana. Mchinjaji amesimulia aliyoyaona jana. Hatumfuniki mtu tena mpaka aguswe. Njoo wewe."

Chumba cha Msumari kilikuwa cha tatu kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi, mbele yake tope jekundu. Watu walimpisha. Msumari alikuwa amelala chali, uso umetulia, macho nusu wazi. Kifua hakikuonekana kupanda. Jirani mmoja alikuwa ameshika shuka, ncha mbili, tayari kulivuta.

Mjane alipiga goti. Nyuma yake watu kama kumi na watano walizuia pumzi. Wote walikuwa wanangoja neno. Alijua uzito wake sasa. Angesema moja, wangevuta shuka na kuendelea, na hata mmoja asingetazama nyuma. Hakuna ambaye angejua. Saa mbili na nusu, nafsi yake ilimwambia. Mpe na yeye saa mbili na nusu.

Alinyoosha kidole. Akaligusa jicho katikati.

Hakuhisi kitu.

Wala jicho, wala joto, wala baridi. Kidole kilikuwa mti. Hakujua kama kope ilitikisika au ni mkono wake uliotetemeka. Na lililomtisha zaidi ya yote ni hili: mkono haukusitasita. Ulikwenda pale kama unaorudi mahali ulipotoka muda si mrefu.

Alifumba macho. Akamsikia mumewe akisukuma kikombe cha chai.

*Ukiwa na shaka...*

"Bado," mjane alisema. Kwa nguvu, wote wasikie. "Bado! Mnyanyueni. Leteni gari!"

Walimnyanyua mbio, wanne, wakipigana vikumbo mlangoni. Mlinzi alibaki.

"Jicho lilipepesa, shemeji?"

Mjane alikuwa anakitazama kidole.

Hospitali ilimpokea Msumari, na huko yupo. Anapumua. Hasemi, haamki, na manesi wanasema hapepesi macho, inabidi wamdondoshee dawa yasikauke. Fataki zimehamishiwa kwenye kabati jipya, kavu, ofisini. Kwenye karatasi ya kifo cha Kidole wamefuta "tayari" wakaandika "bado". Na mjane sasa ndiye anayepiga goti kando ya kizimba, kila asubuhi, anagusa kwa kidole cha mkono wa kushoto, kilichobaki na hisia, na ng'ombe wamerudi kuitana jioni.

Lakini kila usiku, kabla ya kuzima taa, anaomba, kisha bibi anaufunga mkono wake wa kulia kwenye chuma cha kitanda kwa utepe wa koti kuukuu. Mafundo mawili. Bibi ana vidole vikavu, anafunga kwa nguvu.

Na kila asubuhi utepe uko juu ya mto, umekunjwa vizuri.